Ratili za Nyongeza

Colorado Springs, 19 Mei 1996

Baba,

Afande, simama mguu sawa usome. Amri ya uhamisho imetoka. Napelekwa hospitali ya kambi huko Tacoma, jimbo la Washington, na natakiwa niripoti tarehe 15 Julai.

Nimeamua kujihamisha mwenyewe. Karani wa usafirishaji ameniambia kwamba serikali ikikodi watu wa kunibebea vyombo italipa kama dola elfu nne na mia moja. Nikibeba mwenyewe wananipa asilimia themanini ya hizo, na nikitumia pungufu, kinachobaki ni changu. Baba, nakihitaji hicho kinachobaki. Injini ya gari langu imekufa kabisa, na huko Tacoma zamu zinaanza saa kumi na moja alfajiri. Tangu Rusty aniache na mtoto, mtu wa kunipeleka kazini ni mimi, na wa kumpeleka Opal kwa mlezi ni mimi huyo huyo.

Kwa hiyo nakuja kwako. Mama mdogo Verna anasema zamani kikosi kizima cha mizinga kilikuwa kinapanga foleni mezani kwako upige hesabu za uhamisho. Nipigie na mimi. Vyumba ninavyo vinne, vyombo vya kawaida, sina piano wala upuuzi. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho tulizungumza dakika kumi, mimi nikiuliza bei ya kitanda na wewe ukijibu habari za mvua. Mizinga imekula masikio yako, basi tuandikiane.

Kuna jambo jingine dogo. Juzi Opal alirudi kutoka shuleni akiwa amejimwagia mchanga kichwani. Nilipoinama kumsafisha, nilipoona zile chembe zimekaa kwenye njia ya nywele, niliacha kusafisha. Niliona nywele za mama. Niliona mchanga ndani yake, mwingi, na mimi nikiutoa kwa vidole. Tuliwahi kwenda ufukweni? Ninachojua juu yake ni kwamba tulikuwa tunahamia Washington, moyo wake ukasimama hospitalini Pendleton, Oregon, basi. Nilikuwa na miaka sita. Mtoto wa miaka sita hukumbuka zaidi ya hapo.

Opal anakusalimu. Ana miaka mitano na ameng'oka jino.

Wako,
Nadine


Lawton, Oklahoma, 27 Mei 1996

Nadine,

Hongera kwa uhamisho. Hesabu ni hii.

Chumba kimoja kadiria ratili elfu moja. Vyumba vinne, na jiko, na takataka ambazo mwanamke mwenye mtoto hasemi kwamba anazo, tuweke elfu tano na mia mbili. Asilimia themanini ya 4,100 ni 3,280. Lori la kukodi, 890, usikubali zaidi. Njia ni maili 1,450. Lori hilo halitakwenda zaidi ya maili nane kwa galoni, kwa hiyo galoni 181, sema dola 236. Maboksi, kamba na mablanketi ya kufunikia, 70. Mizani mara mbili, 14. Jumla ya matumizi 1,210. Inabaki 2,070. Usishangilie. Robo watakata kodi. Kitakachoingia mkononi ni kama 1,550. Malazi na chakula wanalipa kando, weka risiti.

Pima lori likiwa tupu, kisha likiwa limejaa, tangi la mafuta likiwa limejaa mara zote mbili. Tofauti ndiyo uzito wako. Vizito viweke mbele karibu na kichwa cha lori, uvifunge kwa kamba mbili. Si moja. Mbili.

Usipite Oregon. Panda kaskazini upite Montana, kisha ukate magharibi. Utaongeza saa chache na kama dola thelathini za mafuta. Nimeshazitoa kwenye zile 1,550 ukitaka, ziite 1,520.

Hapa wanafanya mazoezi ya kulenga wiki nzima. Siwasikii ila kwa nyayo. Sakafu inatikisika na vikombe vinasogea kabatini. Mara nyingine sakafu inatikisika siku ambayo kambi imefungwa, polepole, kama mtu anatoka chumbani kwenda jikoni. Ni nyumba ya zamani.

Mwambie Opal jino aliweke chini ya mto.

Baba yako,
O. Haskett


Colorado Springs, 8 Juni 1996

Baba,

Umenipigia hesabu mpaka ya kamba. Asante, Afande. Karani amezitazama akasema, "Huyu mzee bado anatafuta kazi?"

Lakini swali langu la ufukweni umeliruka kama shimo la barabarani.

Halafu Montana ya nini? Nimetazama ramani. Kupitia Wyoming na Idaho kisha kukata kona ya Oregon ndiyo njia ya watu wote. Chumba cha kulala mjini Baker, huko Oregon, nimeshakiwekea nafasi, nyumba ya wageni ya mama mmoja aitwaye Ardith Loomis, usiku wa tarehe 9 Julai. Ana sauti ya kuvuta sigara tangu ubatizo. Ameniahidi kitanda cha Opal bure.

Sasa sikia kituko. Nilimwandikia mama mdogo Verna kuuliza kama ana picha za mama. Picha hakutuma. Ametuma bahasha ya karatasi za uhamisho wenu wa mwaka 1977. Orodha ya vyombo kwa mwandiko wako, kila kitu na uzito wake, mpaka kikaango. Nimejumlisha: ratili 5,900. Na pamoja nayo kuna risiti ya mizani ya Lawton. Inasema 7,100!

Ratili elfu moja na mia mbili zimetoka wapi, Sajini Meja Haskett?

Nilimwonyesha Koplo Tibbets, kijana wa maabara ambaye amehama mara tatu. Alicheka akashika tumbo. "Dada, baba yako ni gwiji! Hiyo ni mchanga au maji. Unapakia magunia kabla ya mizani, unapimwa, basi. Kila ratili wanakulipa." Anasema wengine hubeba mpaka mwisho wa safari, maana huko mbele nako unaweza kuamriwa upimwe. Nimekaa nikapiga hesabu, maana damu ni damu: magunia ishirini ya ratili arobaini ni mia nane. Kwa senti sitini na tatu kila ratili, ni dola mia tano na nne. Hayo ni matairi ya gari, Baba, na bima ya miezi mitatu.

Wewe uliyenipiga kwa kuiba chokoleti! Nimecheka peke yangu jikoni.

Nadine


Lawton, 15 Juni 1996

Nadine,

Usipakie mchanga. Usipakie maji. Usipakie kitu ambacho hukitumii nyumbani.

Ni wizi wa mali ya serikali na wewe ni sajini.

Pita Montana.

Baba


Colorado Springs, 24 Juni 1996

Baba,

Mistari mitatu. Askari wapya huwa ninawapa zaidi ya hiyo.

Ungeniambia, "Binti yangu, nilifanya ujinga nikiwa kijana, usinifuate," ningekuelewa. Lakini unanihubiria wizi na risiti yako iko hapa mezani mbele yangu, na jina lako limepigwa saini chini kwa wino wa bluu. Mimi nalea mtoto kwa mshahara mmoja. Wewe ulikuwa na mishahara miwili. Verna anasema mama alikuwa anafundisha.

Ndiyo, nimempigia Verna simu. Nilimuuliza mama alikufa vipi hasa. Akasema, "Muulize baba yako. Miaka kumi na tisa nangoja umuulize." Nikamwambia nimeshauliza, kiaina. Akasema, "Kiaina haitoshi kwa Orville."

Basi nauliza sawasawa. Mchanga ule kwenye nywele za mama ulikuwa wa wapi? Kwa nini sina hata picha moja yake? Kwa nini nyumbani kwako jina lake halijatajwa hata siku moja, tukawa tunapita pembeni yake kama watu wanaozunguka kisima kilicho wazi?

Usinijibu hapa. Nyumba ya kambi narudisha funguo tarehe mosi, tutalala kwa kina Tibbets, na tarehe 7 naondoka. Napita Oregon. Magunia nimeshanunua, ishirini, na yamekaa vizuri mbele kabisa karibu na kichwa cha lori, kama ulivyofundisha.

Nadine


Kwa Sajini Nadine Pruitt, mgeni wa tarehe 9 Julai
Kwa mkono wa Bi. Ardith Loomis, Baker, Oregon
MPE KABLA HAJAONDOKA

Lawton, 6 Julai 1996

Binti yangu,

Mbili nimeandika nikazichana. Hii naipeleka posta ya haraka kabla sijaisoma tena.

Mama yako hakufa kwa moyo. Nilikudanganya. Nilimwambia Verna akudanganye, na yeye alikataa, kwa hiyo nilimkataza kuja.

Mwaka ule mpango wa kujihamisha ulikuwa mpya na mimi nilijiona nimevumbua pesa. Nilikuwa nimenunua lori kuukuu la shambani, la wazi nyuma, ili nisilipe la kukodi. Nikapakia mchanga, magunia thelathini ya kikosini, nikayapanga nyuma ya kiti, yakaziba dirisha. Nikapima. Mizani ikasoma 7,100 na moyo wangu ukaruka kama wa mtoto. Mama yako alikuwa amesimama kwenye vumbi, amekushika mkono. Alisema, "Haya umeshapata namba yako. Sasa tupa huo mchanga." Nikamwambia huenda Washington nako watapima. Alisema tena tulipofika Wyoming. Akasema tena Baker, asubuhi, mbele ya watu, tukinywa kahawa. "Orville, hilo lori linalia." Nikamwambia, "Kesho tutakuwa tumefika."

Baada ya Baker unapanda milima ya Bluu, na ukifika mwisho wake dunia inaanguka mbele yako. Wenyeji wanauita mteremko huo Kabichi. Ni maili sita za kushuka kwa kona mpaka bondeni Pendleton. Niliingia na gia kubwa. Katikati ya kona ya pili breki zikaenda mpaka chini na hapakuwa na kitu. Nililisugua lori kwenye ukingo wa mlima upande wa kulia, ndiyo namna pekee niliyoiona. Likasimama. Lakini magunia hayakusimama.

Yalikuja yote na kioo.

Wewe ulikuwa katikati yetu. Alikulalia. Wale madereva wa malori waliotuchimbua walikutoa chini ya kifua chake, unapumua, huna hata mchubuko, na mchanga wake umeushika mkononi. Ulikuwa unamsafisha nywele. Uliendelea mpaka walipokubeba. Mimi nilivunjika mbavu mbili.

Sasa sehemu ambayo hata Verna haijui. Wenzangu walikuja na lori la kambi wakavifikisha vyombo. Mimi nikajaza fomu. Nilijaza, Nadine, na nikaambatanisha risiti ya 7,100, maana sikujua nifanye nini na mikono yangu. Wiki sita baadaye ikaja hundi ya faida. Dola mia nne na kumi na mbili. Nilikuwa na deni la jeneza. Nililipia jeneza.

Picha zake ziko kwenye boksi. Sikuzichoma kama Verna anavyofikiri. Sijaweza kuzitazama.

Nilikataa kukuambia nikijiambia nakulinda. Nilikuwa najilinda mimi. Nilitaka abaki mtu mmoja duniani anayeniita Baba bila kujua.

Mwaga mchanga huo leo. Usiondoke nao Baker. Ukiweza, rudi uzungukie Montana, gharama zote nitalipa. Kama ni lazima ushuke pale, ingia juu na gia ndogo kabisa, ukae nayo mpaka chini, na breki uguse na kuachia, uguse na kuachia. Kuna njia za mchanga pembeni za kuokolea malori. Zilijengwa kwa ajili ya wajinga kama mimi. Zitumie bila aibu.

Aliitwa Lucinda. Lucinda Mae. Nilikuwa namwita Cindy akiwa amefurahi na Lucinda nikiwa nimekosea.

Orville Haskett


Baker, Oregon, 10 Julai 1996

Barua yako nilipewa jana jioni. Bi. Loomis alikuwa ameisimamisha kwenye kaunta, ameiegemeza kwenye chupa ya sosi, akaniambia, "Huyu aliyeandika bahasha hii alikuwa anakandamiza kalamu."

Nimeisoma mara nne. Sijalala. Opal amelala vizuri, mdomo wazi.

Nina maneno ya jeshini na nina maneno ya kanisani, na hakuna hata moja linalotosha. Miaka kumi na tisa nimebeba mfuko wa huruma kwa ajili yako. Kila mwaka siku ya akina baba nakutumia kadi yenye samaki. Nilikuwa nawaambia watu, baba yangu alifiwa na mke njiani akanilea peke yake, hajawahi kunyanyua sauti. Sasa najua kwa nini hukunyanyua.

Na unajua kinachonichoma zaidi? Nilivyocheka. Ile barua yangu ya Juni. "Sajini Meja, ratili zimetoka wapi." Uliisoma ukanijibu mistari mitatu, ukaniacha ninunue magunia. Ukaniacha niyapange nyuma ya kiti cha mwanangu. Kama posta ingechelewa siku moja, Baba! Siku moja tu!

Mchanga nimeumwaga. Alfajiri hii nilimwomba Bi. Loomis ruhusa, ana zizi la farasi wawili nyuma na kuna matope. Nimefungua magunia yote ishirini moja moja kwa kisu. Alikuja na sigara yake akatazama, akauliza, "Mama, unazika nini?" Nikamwambia bado sijui. Akachukua koleo akanisaidia kusambaza bila kuuliza tena. Kisha nimepeleka lori kwenye mizani ya wakulima hapa mjini. Ukitoa lori tupu, 5,140. Nimeichana risiti ya Colorado na hii ndiyo nitakayowapelekea. Ulikosea kwa ratili sitini tu. Hata leo unajua kukadiria.

Montana ni kurudi nyuma siku mbili na sina siku mbili. Nitashuka hapo. Bi. Loomis amesema mpwa wake ni dereva wa lori la magogo na anaweza kunishushia lori, mimi na Opal tufuate kwa gari lake. Nimekataa. Sijui kama ni ushujaa au ni ukichaa wa kwenu.

Nina swali moja na usiliruke. Umeniandikia alivyosema Lawton, na Wyoming, na hapa Baker kwenye kahawa. Juu ya mlima, je? Alisema nini mwisho? Nataka kitu cha kwake ambacho hakijapita kwenye hesabu zako.

N.


Lawton, 22 Julai 1996
Kwa Sajini N. Pruitt, hospitali ya kambi, Tacoma

Nadine,

Siku kumi na mbili sijapata neno. Nilikwenda kwa jirani, yule mke wa mchungaji, nikamwomba apige simu hospitalini kwenu kwa niaba yangu. Aliniandikia jibu kwenye karatasi: wanasema hawatoi habari za askari kwa simu. Kwa hiyo sijui kama barua hii inasomwa na mtu. Naiandika kama ulivyokuwa unakula mboga ukiwa mdogo, kwa kuwa nimeamriwa.

Hukuniuliza kama nimejuta, na nashukuru.

Jibu la swali lako ni kwamba sijui.

Nitakueleza jinsi nisivyojua. Tulikuwa juu kabisa, pale mahali pana pa malori kupumzikia, kabla barabara haijainama. Nilikuwa nimebandika karatasi kwenye usukani. Nilikuwa napiga hesabu kwa sauti: mafuta yamekula kiasi gani, kimebaki kiasi gani, hundi itatoka ngapi. Nilikuwa nimefika kwenye faida. Mama yako akasema kitu. Niliona midomo yake kwa pembe ya jicho. Masikio yangu yalikuwa yameshaanza kufa wakati ule na lori lilikuwa linapiga kelele. Ningeweza kuuliza, "Umesemaje?" Badala yake niliinua kidole hivi, kimoja, nikasema, "Ngoja nimalize."

Nikapita mahali pale pa kupumzikia. Nikaingia kwenye mteremko.

Ndilo neno la mwisho alilosikia kutoka kwangu. Na lake sikulisikia. Miaka kumi na tisa najiambia alikuwa ananionya breki zinanuka. Nikioga alikuwa ananiambia breki. Nikinyoa alikuwa ananiambia breki. Kuna mchana nakaa jikoni, sakafu inatikisika chini ya nyayo zangu zile hatua nilizokuandikia, zinakuja mpaka nyuma ya kiti, zinasimama. Najua anakuja kusema tena. Nageuza uso nitazame midomo, na hakuna mtu.

Wewe ulikuwa katikati. Ulikuwa karibu na kinywa chake kuliko mimi. Ikiwa unakumbuka, niambie. Hata kama ni laana. Mzee anaweza kuishi na laana. Kutojua ndiko kunakomla.

Na kama mmefika salama, nitumie karatasi tupu, nitaelewa.

Baba


Tacoma, 4 Agosti 1996

Baba,

Tumefika. Tarehe 11 Julai. Nilikuacha ungoje makusudi, na siku ya nane nilijua ni ukatili, na bado nikakuacha mpaka barua yako ilipofika. Hilo ni langu, nalikiri.

Nitakueleza tulivyoshuka, halafu nitakujibu.

Njia nzima ya kupanda sikuwasha redio. Opal alikuwa anaimba, kisha akachoka, kisha akaanza kujinyonganyonga kwenye kiti. Misonobari pande zote, ukungu kidogo, malori yanatupita. Nilikuwa nimeshika usukani kama mtu anayemnyonga nyoka. Kichwani nilikuwa nasoma barua yako: gia ndogo, gusa, achia. Bango la onyo likatokea, lile la njano. Na hapo hapo Opal akasema, "Mama, mkojo."

Nikamwambia, "Ngoja kidogo."

Neno hilo lilitoka kinywani mwangu, Baba, na barua yako ya kidole ilikuwa bado hujaiandika. Sikuwa najua. Lakini nikasikia harufu ya plastiki ya kiti cha lori lako, kile chekundu kilichokuwa kinanata mapajani. Nikakanyaga breki, nikaingia pale pa kupumzikia, nikamshusha. Alikimbilia nyuma ya mti. Nilisimama kando ya barabara nikalia kwa sauti mpaka dereva mmoja akashusha kioo akaniuliza, "Dada, uko salama?" Opal akatokea anapandisha suruali, akamjibu kwa niaba yangu: "Yuko salama, alibanwa na yeye."

Kwa hiyo najua alichosema. Nakumbuka kama jana.

Ni mimi niliyemtuma. Nilikuwa nimebanwa tangu huko nyuma, nikawa namvuta mkono. Alikugeukia akasema, "Orville, mtoto anataka kukojoa. Simama hapo juu." Basi. Hakusema breki. Hakujua habari za breki. Ukainua kidole. Akakitazama kidole chako, kisha akanitazama mimi, akatoa macho hivi ya kuchekesha, kama mnapokuwa wawili darasani na mwalimu hajui. Akaninong'oneza, "Baba yako anahesabu. Vumilia, mpenzi. Mpaka chini tu."

Alikuwa anacheka. Hakuogopa, hakukukasirikia. Kilichofuata kilitukuta sisi wawili tumenyamaza, tunangoja umalize.

Nimewaza kama nikuandikie hili au nikufiche. Naona ungesimama pale kungekuwa na dakika tano za kupoa, pengine breki zingeshika. Na wewe utaliona hilo kabla hujamaliza kusoma, kwa kuwa unajua kukadiria. Siwezi kukuondolea. Nami ninalo langu: ningevumilia nisiseme, au ningelia kwa nguvu zaidi ukasikia. Mtoto wa miaka sita. Nimemtazama Opal wiki hizi zote na najua sina hatia, na bado.

Sijakusamehe. Usiniulize mpaka nitaje mwenyewe.

Lakini nimekwenda kituoni nikauliza. Basi la kutoka Oklahoma linachukua siku mbili na saa kadhaa, na linapita mlima ule ule. Usiendeshe. Panda basi Septemba, chukua lile boksi la picha ulipakate, usiliweke chini. Nina siku nne za mapumziko. Hawasimami pale juu, nimewauliza. Ukiona bango la njano, shika kiti cha mbele.

Sisi tutakuwa Pendleton, chini kabisa ambako barabara inanyooka. Nitasimama mahali utakaponiona.

Binti yako, na wa Lucinda,
Nadine